Msiniulize Tena Watasalimiana Lini

Wiki iliyopita nilikuwa Kithyoko kueleza bajeti ya kaunti. Kabla sijafungua mkoba, mzee mmoja akainua bakora: "Mwalimu, hawa wakubwa watasalimiana lini ili tupumue?" Swali hilo nimeulizwa Ekalakala, Kivaa na Ndithini, kila mara kwa sauti ya mgonjwa anayeulizia bei ya dawa. Safari hii kijana mmoja aliongezea kwamba tusipoangalia tutakuwa kama Marekani, ambako vyama viwili vilivutana juu ya bajeti hadi serikali ikafungwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025.

Tumalizane na Marekani upesi. Kifungu cha 222 cha Katiba yetu kinaliwezesha Bunge la Taifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio mwaka wa fedha ukianza kabla sheria ya matumizi haijapita. Mlango wa dharura tunao. Usingizi wetu hautakatizwa na hilo.

Linalonikera ni hiyo dawa ya kusalimiana. Wakenya wameiamini handisheki kama watu walivyokiamini kikombe cha Babu wa Loliondo mwaka 2011: dozi moja, magonjwa yote. Hebu tuangalie mgonjwa aliendeleaje.

Tarehe 9 Machi 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Barabara zilitulia, sikatai. Uhasama, hata hivyo, ulihama nyumba tu. Aliyekuwa Naibu wa Rais, William Ruto, akageuka mpinzani ndani ya serikali yake mwenyewe, na BBI, mpango ulioletwa kutuunganisha, ukaishia mahakamani: Mahakama Kuu Mei 2021, Rufani Agosti, Mahakama ya Juu Machi 2022. Kwenye uchaguzi wa Agosti 2022, wawili waliosalimiana walisimama upande mmoja wa uwanja na nchi ikagawanyika vilevile.

Tukarudia dozi. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wakiwa barabarani. Kesho yake Ruto, sasa Rais, akakataa kuutia saini. Wiki chache baadaye, vigogo wa ODM, chama cha Raila, wakaingia Baraza la Mawaziri. Hapa nawaomba msome polepole. John Mbadi alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, ile inayoihoji serikali pesa zimekwenda wapi. Agosti 2024 akaapishwa kuwa Waziri wa Fedha. Simtuhumu kwa lolote, maana kazi ni kazi. Nauliza tu: mkaguzi akihamia upande wa mwenye duka, mteja aliyepunjwa anabaki na nani? Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini mkataba rasmi KICC, na watu wakanipigia simu kunipongeza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimenuna.

Kuna ambaye sasa hivi anasema, "Lakini handisheki ya 2008 iliponya." Ilizuia damu, naam. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi, na tarehe 28 Februari 2008 ilikuwa lazima watu watenganishwe. Lakini ule mkono ulikuja na ajenda iliyoandikwa, sheria iliyopitishwa bungeni, na mwishowe Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Mkono bila karatasi ni picha ya gazeti. Na hata bandeji nzuri si muguka, eti itafunwe kila jioni.

Nawe unayesema shida ni ukabila tu, kumbuka kwamba mwaka 2022 Wavinya Ndeti, Nzioka Waita na Johnson Muthama waligombea ugavana wa Machakos, wote Wakamba, na vijembe havikukosekana.

Ugomvi wenye faida nao upo. Mwaka 2020 maseneta walikorofishana kwa wiki nyingi kuhusu fomula ya kugawia kaunti pesa. Vikao vilivunjika tena na tena, na watatu kati yao wakakamatwa na polisi. Hawakutoka pale marafiki. Walitoka Septemba na makubaliano: mgao uongezwe hadi shilingi bilioni 370 mwaka uliofuata, ili pasiwe na kaunti ya kupunjwa. Wangesalimiana mapema, kaunti maskini zingelia. Wakibishana kuhusu kitu, kuna siku kitu kitagawanywa. Wakibishana nani ni mwizi wa kuzaliwa na nani ni msaliti, hakuna cha kugawanya.

Haya, ya kufanya, maana muda umekwisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha tarehe 28 Februari, makadirio tarehe 30 Aprili: nendeni kabla ya hapo, si baada. Ukitaka hesabu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Ikinyamaza, peleka kesi kwa Tume ya Haki ya Utawala. Matusi ya kikabila mkutanoni, rekodi, peleka kwa tume ya uwiano na utangamano, NCIC. Ombi kwa bunge la kaunti anaweza kuliandika yeyote, hahitaji wakili. Na kuhusu maji ya Bwawa la Masinga, ambalo mnalitazama tangu 1981 huku mmebeba mitungi, msimwandikie diwani peke yake. Bwawa ni la TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, mitambo ya umeme inaendeshwa na KenGen, mabomba ya kijijini ni ya kaunti. Barua tatu basi, zisainiwe na wafuasi wa Wiper na wa UDA pamoja, kila moja nakala mbili. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani.