Kibaraza cha umeme kikikwama, usiharakie kununua mota

Je, msomaji, umewahi kubonyeza swichi ya dirisha la gari mvua inapoanza kunyesha, nalo likapanda hadi nusu na kukwama papo hapo? Ikiwa yamewahi kukufika, basi tayari unaijua nusu ya kisa hiki. Nusu iliyobaki inahusu kitu kikubwa kuliko dirisha: turubai la mita tano lililotandazwa ubavuni mwa nyumba, huku wingu jeusi likisogea.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya magurudumu. Huko Marekani, familia nyingi huenda likizoni na nyumba za aina hii. Zipo zenye injini yake, ambazo huendeshwa kama basi, na zipo trela zinazokokotwa na pikapu. Ndani mna vitanda, jiko, choo na hata bafu. Nyingi huundwa kaskazini mwa jimbo la Indiana, hasa katika mji wa Elkhart na viunga vyake.

Ubavuni mwa nyumba hiyo huwa pana kibaraza cha turubai. Ukibonyeza swichi, turubai hujikunjua kutoka kwenye bomba la alumini, mikono miwili ya chuma ikalisukuma nje, na familia ikapata kivuli cha kulia chakula. Ukibonyeza upande wa pili, hujikunja na kurudi mahali pake. Angalau ndivyo inavyotakiwa.

Huenda ukauliza, hayo yanakuhusu nini wewe uliye Umoja au Kisauni? Yanakuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, Wakenya wengi wamefanya makao huko Minnesota, Texas na Massachusetts, na si ajabu siku moja ukaalikwa na ndugu yako. Pili, kibaraza hicho hutumia umeme wa betri wa volti 12, sawa na ule wa gari lililoegeshwa nje ya nyumba yako. Ugonjwa ni ule ule, na tiba ni ile ile.

Wingu juu ya ziwa

Mwezi wa Julai mwaka wa 2022 nilikuwa mgeni wa dada yangu na mumewe huko Minnesota. Shemeji alikuwa amenunua trela kuukuu, tukaikokota hadi kambi moja kando ya ziwa Mille Lacs. Mchana kutwa tulikaa chini ya kibaraza tukila nyama choma, watoto wakicheza miguuni petu.

Jioni upepo ulianza kuvuma kutoka ziwani. Shemeji akabonyeza swichi ili turubai likunjwe. Likaanza kurudi polepole kama mzee anayepanda ngazi, likafika nusu, likasimama. Akabonyeza tena. Kimya.

"Usijali, shemeji," akaniambia. "Hiyo ni mota imekufa. Ninayo mpya kwenye pikapu. Wewe nishikie ngazi tu."

Kumbe kibaraza kile kilikuwa kimelegea kwa wiki kadhaa. Alikuwa amekipeleka kwa fundi wa duka moja, fundi akapima, akasema umeme unafika kwenye mota barabara, kwa hivyo mota ndiyo mbovu. Shemeji akatoa mamia ya dola akanunua nyingine.

Basi akapanda ngazi, spana mkononi, akashika nati ya kwanza. Mimi nilikuwa chini nikishika ngazi. Watoto wawili walikuwa kando yangu wakitazama.

Mara jirani yetu wa kambini, mzee mmoja fundi wa umeme aliyestaafu, akaja mbio mkono juu kama mtu anayesimamisha matatu. Alimwuliza shemeji swali moja tu: ukiitoa mota hiyo, ni nini kitakachoizuia mikono ya kibaraza?

Shemeji akanyamaza. Kisha akateremka.

Nguvu iliyojificha

Hapa, msomaji, ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Katika vibaraza vingi vya umeme, mikono ile haisukumwi nje na mota. Husukumwa na springi, au na vyuma vya gesi kama vile vinavyoinua mlango wa nyuma wa gari. Vyuma hivyo husukuma wakati wote, usiku na mchana. Mota na giya zake ndizo zinazovizuia.

Kwa hivyo ukiifungua mota wakati turubai limekunjwa, au liko nusu kama letu, umeondoa breki. Mikono huruka nje kwa ghafla na bomba huzunguka kwa kasi. Aliye juu ya ngazi anaweza kuvunjwa vidole au kutupwa chini, na aliye chini akapigwa kichwani. Nilipowatazama wale watoto wawili, mate yalinikauka kinywani.

Mzee aliwaondoa watoto kwanza. Kisha akachukua kamba nene, akaifunga mikono yote miwili pale ilipokuwa ili isiweze kufunguka zaidi. Ndipo alipoanza kuzungumzia umeme.

Kufungua ni kuteremka, kufunga ni kupanda

Alitaka kujua kama kibaraza kilikuwa kikifunguka vizuri. Shemeji akakubali kwamba kufunguka hakukuwa na taabu, taabu ilikuwa kufunga tu. Mzee akatabasamu.

Fikiria mkokoteni uliojaa viazi. Ukiteremka nao mlima, hata mtoto anaweza kuusukuma. Ukipanda, unahitaji vijana wanne. Kibaraza nacho ni hivyo. Kinapofunguka, springi na vyuma vya gesi huisaidia mota. Kinapofungwa, mota hushindana navyo. Umeme ukiwa hafifu, mota itafungua bila shida, lakini itashindwa kufunga.

Basi umeme ulikuwa ukipungukia wapi? Mzee alichukua mita ya kupimia umeme akaanza kwenye betri: volti 12.6, betri nzima. Akapima kwenye swichi huku shemeji akiibonyeza: umeme upo. Akapanda hadi kwenye nyaya za mota, shemeji akabonyeza tena. Mita ikasoma volti 7.

Kati ya swichi na mota, volti tano zilikuwa zimepotelea njiani.

Alipoifuata ile njia kwa kidole, alifika pale waya unapopita kwenye kiungo cha mkono wa kibaraza. Kila mkono ulipokunjwa na kukunjuliwa, waya ulisuguliwa na chuma. Ganda lilikuwa limechubuka, maji yameingia, na shaba imegeuka kijani. Zilikuwa zimebaki nyuzi mbili tatu tu zinazoshikilia.

Na yule fundi wa dukani, je? Hakudanganya. Alikosea namna ya kupima. Aliziondoa nyaya kwenye mota ndipo akapima, akaona volti 12. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili huonyesha volti kamili ukiwa hauna kazi. Ni sawa na bomba la maji lililoziba: ukifunga mfereji, presha hujaa, lakini ukiufungua yanatoka matone. Waya hupimwa ukiwa umebeba mzigo.

Upepo ulikuwa umezidi na hapakuwa na wakati wa kutengeneza. Mzee aliunganisha mota na betri kwa nyaya nzima, akiwa ameweka fyuzi katikati. Ile kamba ilizuia mikono isifunguke, lakini haikuizuia isijifunge. Mota ile iliyohukumiwa kifo ilinguruma, turubai likajikunja hadi mwisho. Tuliifunga mikono kwa mikanda, na kabla hatujaketi, mvua ikamiminika.

Asubuhi yake shemeji alinunua waya wa mita chache na viungo viwili. Kazi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Mota mpya ingali kwenye boksi lake.

Hatua za kufuata

Ikiwa utajikuta na kibaraza kilichokwama, au fundi wako anataka kukuuzia mota, fuata mpango huu.

Kwanza, usalama. Ondoa watoto, funga mikono kwa kamba, na usiguse nati ya mota kabla ya hapo.

Pili, betri. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi. Ikiwa iko chini ya 12, ichaji kabla ya kulaumu kitu kingine. Mtu mwingine abonyeze swichi huku wewe ukitazama mita. Volti zikiporomoka sana, betri ni dhaifu au vichwa vyake vina kutu.

Tatu, fyuzi. Ikiwa imeungua, weka yenye kipimo kile kile. Palipoandikwa ampea 15 usiweke 30. Fyuzi kubwa hailindi waya, na waya unaopata moto ndani ya ukuta wa mbao huweza kuteketeza nyumba nzima. Ikiungua tena, tafuta mahali nyaya zinapogusana.

Nne, swichi. Mota hii huzunguka upande mmoja au mwingine kwa kubadilishana chanya na hasi, na kazi hiyo hufanywa na swichi. Ukikuta umeme unatoka kwenye swichi kwa upande wa kufungua lakini hautoki kwa upande wa kufunga, usiitazame mota. Badilisha swichi. Kumbuka pia kwamba baadhi ya nyumba zenye injini haziruhusu kibaraza kifanye kazi injini ikiwa inanguruma.

Tano, mota yenyewe. Pima kwenye nyaya zake zikiwa zimeunganishwa, swichi ikibonyezwa. Umeme ukifika pungufu, ubovu uko njiani, kama wetu. Ukifika wote na mota ikanyamaza, subiri kwanza dakika ishirini hivi, kwa sababu baadhi ya mota hujizima zikipata joto. Ikinyamaza hata baada ya hapo, sasa waweza kuihukumu. Ikiwa inanguruma lakini bomba halizunguki, giya zimelika au kuna kitu kimekwama.

Nyumba ikikulazimu kuondoka kabla ya matengenezo, soma kitabu chake. Baadhi ya vibaraza vina tundu la kuingiza drili ya mkononi au mpini ili kukunja bila umeme. Kazi hiyo ni ya watu wawili au watatu, wa kuzungusha na wa kusukuma mikono. Usithubutu kuondoka barabarani mikono ikiwa haijafungwa, kwani upepo wa mwendo unaweza kukifungua kibaraza na kukigonganisha na gari jingine.

Heri kinga

Mengi ya haya huepukika. Usiache turubai nje unapolala au unapotoka matembezini, hata kama kifaa chako kina kile kidude kinachohisi upepo na kukunja chenyewe. Mvua ikikukuta, inamisha kona moja ili maji yateremke. Piga hesabu: maji yaliyotuama kwa urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na kina cha sentimita tano ni lita 100, yaani kilo 100. Hilo ni zaidi ya gunia la mahindi la kilo 90 likiwa limelala juu ya turubai lako. Mikono itapinda, na mota itakayolivuta itaungua kweli.

Turubai lililolowa likikunjwa, likunjue likauke punde jua litokapo, ama sivyo litaota ukungu. Lisafishe kwa maji na sabuni isiyo kali. Na kila mwanzo wa msimu, pitisha macho kwenye waya pale unapopita viungoni.

Zaidi ya yote, usikidharau kifaa kinapoanza kwenda polepole. Kibaraza cha shemeji kilikuwa kikitoa taarifa kwa wiki nyingi, naye akadhani ni uzee. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hivyo, msomaji, wakati dirisha la gari lako litakapokataa kupanda lakini likakubali kushuka, na fundi akakwambia mara moja kwamba mota imekufa, usimkatalie kwa hasira. Mwombe tu akupimie umeme kwenye nyaya za mota zikiwa zimeunganishwa, wewe ukibonyeza swichi. Msome mita pamoja. Kama ni volti 12, toa pesa zako. Kama ni 7, mwambie autafute waya.