Maji ya Ngoliba, samaki wa Mambrui: mkataba wa viumbe hai unatuhusu vipi?



Mwezi uliopita nilikwenda harusini Thika, na kesho yake mwenyeji wangu akanichukua kwa bodaboda hadi shambani kwake upande wa Ngoliba, kwenye barabara ya kwenda Garissa. Analima nyanya na mishiri, na maji anayavuta kwa pampu kutoka Mto Athi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika ukingoni nikaona matuta yake yameteremka hadi majini kabisa. Hakuna mti, hakuna nyasi, na udongo mwekundu ulikuwa ukitiririka mtoni.

Nikamwambia, "Huu udongo wako unakwenda kwetu." Akacheka, akadhani ni mzaha wa watu wa Pwani.

Haukuwa mzaha. Athi hukusanya maji ya Mto Nairobi, Ruiru na Ndarugu, ukaporomoka pale Fourteen Falls karibu na Kilimambogo, ukapita Ukambani hadi Tsavo. Huko hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana. Ukifika kwetu jina lake ni Sabaki, nao humwaga maji baharini kati ya Malindi na Mambrui. Hata Mto Thika, unaopita mjini Thika kwenyewe, mwisho wake ni Pwani: huingia Tana, na Tana hutokea Kipini.

Ami yangu ni mvuvi wa Mambrui tangu mimi sijazaliwa. Mvua kubwa ikinyesha bara yeye huijua bila redio, maana bahari hugeuka rangi ya matofali. Haulaumu mto. Anajua kwamba kamba wa ghuba ya Malindi na Ungwana hutegemea maji matamu na rutuba inayoletwa na Sabaki na Tana. Analolalamikia ni kiasi. Tope likizidi hufunika matumbawe na majani ya baharini, mwanga haufiki chini, na tafi na changu hukosa pa kulisha na kujificha. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitengwa mwaka 1968, na askari wake wanaweza kumzuia mvuvi mwenye wavu haramu. Tope hawawezi kulizuia.

Nilipomweleza haya mwenyeji wangu, alisimamisha pampu akanitazama. "Ndugu yangu," akasema, "wewe unataka niache mita kumi bila kupanda, nipate hasara, ili samaki wa ami yako wanenepe. Sawa. Ami yako atanilipa nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelifikiria swali lake tangu nirudi, na nimegundua kwamba ndilo swali lililokuwa mezani pale Nairobi zaidi ya miaka 30 iliyopita, wajumbe wa nchi mbalimbali walipokuwa wakiandika mkataba wa dunia wa kulinda viumbe hai.

Wengi wetu tukisikia Mkataba wa Bioanuwai tunafikiri ni jambo la Wazungu na hoteli zao. Lakini maneno yake yalikubaliwa Nairobi tarehe 22 Mei 1992, na ndiyo sababu kila tarehe 22 Mei ni siku ya bioanuwai duniani. Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Juni, ukafunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro, Brazil. Ulianza kutumika tarehe 29 Desemba 1993, na Kenya ikauridhia mwaka 1994. Leo una wanachama 196. Marekani haimo.

Bioanuwai ni neno la kitaalamu, lakini maana yake si ngumu: ni viumbe hai vyote kwa wingi na aina zake, kuanzia ndovu wa Tsavo hadi vijidudu visivyoonekana kwa macho, pamoja na misitu, mito na bahari vinamoishi.

Mkataba una malengo matatu. La kwanza ni kuhifadhi viumbe hivyo. La pili ni kuvitumia bila kuvimaliza. Haukatazi kuvua wala kulima, unakataza kula mtaji. La tatu ni kugawana kwa haki faida inayotokana navyo. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na ndilo lililobeba swali la mkulima wa Ngoliba. Misitu mingi na matumbawe mengi yako kwenye nchi maskini, na pesa na maabara ziko kwenye nchi tajiri. Nchi za kusini zikasema: mnatutaka tuhifadhi kwa faida ya dunia nzima, basi mzigo tuubebe pamoja. Mkataba ukakiri pia kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mali yake ya asili.

Mfano uko hapahapa kwetu. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli za vijidudu katika Ziwa Bogoria, ambalo maji yake ni ya magadi na yana chemchemi za moto. Vijidudu hivyo hutengeneza vimeng'enya visivyoharibika kwa joto wala magadi, na baadaye kampuni ya Marekani ikavitumia katika sabuni na katika kulainisha nguo za jinzi. Kenya ikaja kudai fungu lake miaka mingi baadaye, biashara imeshakomaa. Mwaka 2007 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitia saini makubaliano na kampuni ya Denmark, Novozymes, ili kazi ya namna hiyo ifanywe kwa mapatano ya wazi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, ilikuja kuweka kanuni kwa dunia nzima: omba ruhusa kwanza, kubalianeni mgao, ndipo uchukue.

Kisha Desemba 2022, mjini Montreal, nchi wanachama zilikubaliana juu ya malengo 23 ya kufikiwa ifikapo 2030. Linalojulikana zaidi ni kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu, maji ya bara na bahari. Lakini lengo la 7 linafika hadi kwenye tuta la nyanya: kupunguza kwa nusu mbolea inayopotea na kuingia kwenye mazingira, na kwa nusu hatari inayoletwa na dawa za kuua wadudu. Pesa pia zilitajwa: dola bilioni 200 kwa mwaka kutoka vyanzo vyote, zikiwemo angalau bilioni 30 kutoka nchi tajiri kwenda zinazoendelea.

Na kwa nini nchi zishirikiane, isiwe kila mtu na lake? Wakati wa kusi nenda mlango wa Sabaki. Utaona makundi ya ndege wadogo wa rangi ya kahawia waliozaliwa Madagascar na kuvuka bahari kuja kwetu. Madagascar ikiwatunza na sisi tukaharibu Sabaki, wamekwisha. Sisi tukitunza na Madagascar ikaharibu, wamekwisha vilevile. Ndege hana pasipoti, na mto hauna mpaka wa kaunti.

Hapo ndipo ninapoona aibu yetu. Tunakwenda kwenye mikutano kuziambia nchi tajiri kwamba anayefaidika amlipe anayehifadhi, na tuna haki kusema hivyo. Je, ndani ya Kenya tunafanya hivyo? Sheria zetu zinataka ukanda wa kando ya mto uachwe, kuanzia mita 6 hadi 30 kutegemea upana wa mto. Kwa mkulima mwenye shamba dogo huo ni mlo wa watoto. Ukimpa amri bila chochote mkononi, atalima usiku.

Lakini njia ipo, na iko jirani yake. Tangu mwaka 2015 kuna Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Wanaotumia maji huku chini, yaani kampuni ya maji ya Nairobi, KenGen na watengenezaji wa vinywaji, huchangia pesa, nao wakulima wa juu, wakiwemo wa mabonde ya Thika na Chania, hupewa miche, mafunzo na msaada wa kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mwenyeji wangu, aliye upande wa Athi, hajawahi kufikiwa na mpango wowote wa aina hiyo. Kaunti ya Kilifi, yenye wavuvi na hoteli zinazoumizwa na tope, iketi meza moja na Kiambu, Machakos, Makueni na Nairobi, na swali la kwanza liwe lile la shambani: nani atamlipa nini huyu wa juu?

Nilimpigia simu wiki iliyopita. Nikamwambia aanze na mistari miwili ya nyasi za napia ukingoni: zitashika udongo na ng'ombe atazila, hasara si kubwa. Akakubali kujaribu mistari hiyo miwili, si mita kumi. Hizo nyingine, akasema, anasubiri jibu la ami.

Nilimfikishia ami ujumbe huo Mambrui baada ya Isha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, miaka yote hii hapana aliyenambia kwamba kule juu kuna mtu wa kuzungumza naye." Anataka kumwalika aje aione bahari siku ya mvua ya bara. Nauli nimesema nitatoa mimi.