Mguu Upi Utangulie Kwenye Kiunzi?

Muulize kijana anayefanya mazoezi Kimumu, pembeni mwa barabara ya Eldoret kwenda Iten, mguu wake stadi ni upi. Atakutajia ule anaopigia mpira. Lakini kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, swali ni jingine: ni upi unaomwinua kutoka ardhini? Wengi wanaopiga mpira kwa kulia hurukia wa kushoto.

Mrukaji viunzi wa mita 400 ana njia yake peke yake, na kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Basi anahesabu hatua. Zikiwa 13, mguu uleule hutangulia kila mara; zikiwa 14, miguu hupokezana. Huku kwa viunzi na maji hesabu hiyo haisaidii. Kasi inapanda na kushuka, watu wanasukumana viwiko, na kiunzi kinachipuka ghafla nyuma ya mgongo wa aliyetangulia. Ni cha mbao nzito, hakianguki ukikigonga. Anayetegemea mguu mmoja hulazimika kudonoa vihatua ili mguu huo ukifikie kiunzi sawasawa, na wenzake wanampita hapo hapo. Viunzi vyenyewe ni 28, bila kuhesabu maji mara 7.

Majini, wengi hukanyaga kiunzi kwa mguu mmoja na kutua kwa mwingine. Amos Biwott, aliyeshinda dhahabu Mexico mwaka 1968, hakuwa na habari na hayo: aliruka kiunzi na maji kwa pamoja, akatua pakavu. Sishauri mtu amwige.

Na jicho, nalo lina upande stadi kama mguu? Nyoosha mikono, tengeneza kitundu kwa viganja, tazama mlingoti wa stima kupitia hapo kwa macho yote mawili. Kisha fumba moja moja. Linalobaki likiuona mlingoti ndilo jicho tawala. Kwa watu kama theluthi mbili ni la kulia. Mlenga shabaha asilipuuze hilo. Mrukaji viunzi, kwa maoni yangu, asipoteze muda nalo. Bora ajitoe upande wa nje wa kundi mapema, akione kiunzi.

Mazoezi ya kurukia miguu yote miwili ni rahisi: gogo kwenye nyasi, na mahali pa kuanzia pabadilishwe kila mara. Mguu dhaifu uanze, mwili ukiwa bado na nguvu.