Ugonjwa Sugu na Bima ya Safari: Uzito wa Neno Katika Fomu

Neno bima si geni katika Kiswahili. Limo katika jina la Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa mwaka 1963, na watu wa mijini na vijijini husema "kukata bima" bila taabu. Hata hivyo, istilahi nyingi zinazoandamana na neno hilo bado hazijatulia. Katika makala haya tunakusudia kujadili zile zinazohusu afya ya msafiri, kwa kuwa hizo zisipoeleweka hasara yake humwangukia mgonjwa aliye ugenini.

1. Chanzo cha tatizo

Siku hizi bima ya safari si jambo la hiari kila mahali. Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen humtaka mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000. Zanzibar nayo ilianza tarehe 1 Oktoba, 2024, kuwataka wageni watokao nje ya Tanzania wakate bima ya safari kabla ya kuingia.

Tuchukue mfano wa mzee mkulima wa Mtawanya, wilayani Kibiti, anayetaka kwenda kumtazama mwanawe Ujerumani. Mzee huyu ana ugonjwa wa sukari, na kila siku humeza vidonge alivyoandikiwa na daktari. Anasomewa fomu ya bima iliyofasiriwa kwa Kiswahili: "Je, una ugonjwa sugu?" Naye anajibu, "Sina." Je, mzee amesema uongo?

2. Neno "sugu"

Sugu, kwa maana yake ya asili, ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, kama kiganja cha mtu ashikaye jembe. Kutokana na maana hiyo husemwa "mhalifu sugu", yaani asiyesikia adhabu wala onyo. Waganga nao husema "usugu wa dawa", wakikusudia vimelea visivyouawa na dawa iliyozoeleka. Kwa hiyo, katika masikio ya watu wengi, ugonjwa sugu ni ule ulioshinda dawa. Ugonjwa wa mzee wetu haukushinda dawa. Akimeza vidonge hutulia. Kwa kipimo cha lugha, mzee amesema kweli. Kwa kipimo cha mkataba, ameficha jambo.

3. Kwa nini jibu hilo ni zito

Mkataba wa bima husimama juu ya nia njema. Bima ni kutawanya hasara ya mtu mmoja kwa watu wengi wanaochangia, na mwenye kampuni hawezi kupima hatari asiyoijua. Kanuni hii ilielezwa mjini London mwaka 1766 na Jaji Mansfield katika kesi ya Carter na Boehm: mkata bima ndiye ajuaye habari zake, basi hana budi kuzifichua. Asipozifichua, kampuni yaweza kukataa kulipa fidia. Hapo ndipo jamaa hulazimika kuuza shamba la mikorosho ili kulipa deni la hospitali ya nchi za mbali.

Uingereza yenyewe iliirekebisha kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 2012. Kwa mtu binafsi anayejikatia bima, wajibu sasa ni kuchukua uangalifu wa kutosha asitoe habari zisizo za kweli, na katika kuupima uangalifu huo hutazamwa pia kama swali lilikuwa wazi. Sheria hiyo si yetu, lakini busara yake yatufaa: mwenye kuuliza naye ana wajibu, na wajibu huo ni wa lugha.

4. Istilahi tunazopendekeza

(a) Ugonjwa wa muda mrefu. Litumike katika fomu badala ya "ugonjwa sugu". Vitabu vya tiba vyaweza kuendelea na "sugu", maana wasomaji wake hufafanuliwa.

(b) Ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima. Wafasiri wengine huuchanganya na ule wa kwanza. Kila ugonjwa wa muda mrefu alionao mtu siku ya kukata bima ulikuwapo kabla, lakini si kila uliokuwapo kabla ni wa muda mrefu: mguu uliovunjika mwezi uliopita ni mfano.

(c) Ugonjwa uliotulia. Huu si ugonjwa uliopona. Aghalabu mkataba hukusudia kuwa dawa na kipimo chake havikubadilishwa, wala mgonjwa hakulazwa, katika miezi iliyotajwa. Mfasiri asiiache idadi ya miezi hiyo.

(d) Mambo yasiyofidiwa. Tusiandike "mambo yaliyotengwa". Serikali hutenga fedha kwa ajili ya barabara. Msomaji aweza kudhani kuwa ugonjwa wake umetengewa fungu, kumbe umeondolewa.

(e) Ada ya nyongeza. Ni malipo azidishiwayo mgonjwa ili ugonjwa wake nao ukingwe.

5. Namna ya kuuliza

Istilahi nzuri haitoshi ikiwa swali ni bovu. Twapendekeza fomu iulize hivi: "Je, kuna dawa unayotumia kila siku au mara kwa mara? Je, daktari amewahi kukuambia kuwa una sukari (kisukari), presha (shinikizo la damu), pumu, kifafa, selimundu au ugonjwa wa moyo?" Jina la mtaani na jina sanifu yakae pamoja. Neno selimundu latufundisha jambo: limeundwa kwa seli na mundu, na mkulima aujuaye mundu huelewa umbo la seli hizo bila kuhitaji picha.

Mtumishi anayemsaidia mwombaji amsomee swali polepole, kisha amweleze kuwa kutaja ugonjwa si lazima kumnyime bima. Kampuni moja yaweza kumkubali kwa ada ya nyongeza; nyingine ikakubali safari lakini isifidie ugonjwa ule; ya tatu ikakataa kabisa. Kwa hiyo inafaa kuuliza zaidi ya kampuni moja kabla ya kulipa, kupata barua ya daktari yenye majina ya dawa na vipimo vyake, na kudai jibu la kampuni kwa maandishi. Neno la mdomo la wakala ni vigumu kulithibitisha baadaye.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Heshima hiyo yaja na deni. Wafasiri, walimu na watumishi wa umma, kabla ya kuipitisha fomu, waisome mbele ya mtu asiye na elimu ya bima, wamwulize ameelewa nini. Akiwa ameelewa jambo jingine, yafaa fomu ndiyo irekebishwe.