Nasaba ya Farasi wa Michezo: Inachorithisha na Isichoweza Kuahidi

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 1735 Mfalme George wa Pili wa Uingereza, ambaye pia alikuwa mtawala wa Hanover nchini Ujerumani, aliagiza kianzishwe kituo cha serikali cha farasi madume katika mji wa Celle. Lengo lilikuwa kumwezesha mkulima wa kawaida kumpandisha jike wake kwa dume bora kwa ada nafuu. Kituo hicho kipo hadi leo. Farasi aliyehitajika zamani shambani, barabarani na vitani, sasa anahitajika uwanjani, ama kuruka vikwazo ama kuonesha miondoko katika mchezo wa dresaji.

Mabadiliko hayo yamefanya swali la nasaba kuwa swali la fedha na la uhai wa wanyama. Je, uwezo wa farasi hutoka katika ukoo wake kwa kiasi gani?

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba kinachorithiwa hasa ni umbo na tabia. Bega lililolala vizuri humwezesha farasi kunyoosha mguu wa mbele mbali, na miguu ya nyuma yenye maungio imara humpa nguvu ya kujirusha. Wepesi wa kukunja miguu ya mbele na kuupinda mgongo juu ya kikwazo, pamoja na utulivu wa akili, navyo huonekana vikijirudia katika koo fulani.

Mfano ulio wazi ni wa jimbo la Holstein, kaskazini mwa Ujerumani. Wafugaji wa huko walikuwa na farasi wazito wa kazi. Katika miaka ya 1960 waliingiza damu ya Ladykiller, farasi wa mbio kutoka Uingereza aliyezaliwa mwaka 1961, ili kupata wepesi na mwendo mrefu wa mbio. Mwaka 1971 alifuata Cor de la Bryère kutoka Ufaransa, ambaye watoto wake walisifika kwa ustadi wa kupinda mgongo na kukunja miguu. Capitol I, aliyezaliwa hukohuko Holstein mwaka 1975, aliongeza nguvu. Wafugaji waliziunganisha koo hizo kwa makusudi: dume maarufu Corrado I ni mtoto wa Cor de la Bryère, na mama yake alizaliwa na Capitol I.

Kwa upande wa miondoko, dume Donnerhall, aliyezaliwa mwaka 1981, aliacha kizazi kikubwa cha farasi wa dresaji. Kwa kuwa sifa za michezo hii miwili hazifanani, chama cha wafugaji cha Uholanzi, KWPN, hutenganisha uzalishaji wa farasi wa kuruka na wa dresaji. Aidha, mwaka 2012 wanasayansi nchini Sweden walitangaza kwamba badiliko katika jeni moja, DMRT3, huathiri namna farasi anavyopanga hatua zake. Hata hivyo, kwa kuruka haijapatikana jeni moja yenye uamuzi. Uwezo huo hutokana na jeni nyingi zinazofanya kazi pamoja.

Ikumbukwe pia kwamba nusu ya vinasaba hutoka kwa mama. Ndiyo maana wafugaji wa Holstein huzipa koo za majike namba na kuzifuatilia kizazi baada ya kizazi, ijapokuwa matangazo ya biashara hulitaja zaidi jina la dume.

Nasaba, hata hivyo, ina mipaka. Tafiti za Ulaya zinaonesha kwamba miondoko na namna ya kuruka, zikipimwa farasi akiwa mdogo, hurithiwa kwa kiwango cha wastani. Matokeo ya mashindano hurithiwa kwa kiwango cha chini zaidi, kwa sababu ndani yake mna kazi ya mpanda farasi, mafunzo, lishe na afya. Jappeloup wa Ufaransa alikuwa na kimo cha takribani mita 1.58 tu, na baba yake alitoka katika koo za farasi wa kukokota vigari vya mashindano. Pamoja na hayo, alitwaa medali ya dhahabu ya kuruka vikwazo katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988.

Lipo pia jambo lisiloonekana kwa macho. Baadhi ya farasi wazuri kabisa hubeba jeni ya ugonjwa unaosababisha mtoto kuzaliwa na ngozi dhaifu inayochanika, asiweze kuishi. Mbebaji mwenyewe haugui. Lakini dume na jike wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kipimo kipo, na mbebaji akipandishwa kwa asiye mbebaji hakuna mtoto atakayezaliwa na ugonjwa huo.

Kwa hiyo, anayenunua au kuzalisha farasi wa michezo anashauriwa kusoma upande wa mama sawa na wa baba, kudai majibu ya vipimo vya vinasaba, na kumtazama farasi mwenyewe akitembea na kuruka kabla ya kulipa. Cheti cha nasaba humweleza mnunuzi uwezekano uliopo. Hakimdhamini ushindi.