HOMA YA INI NA ASKARI WA DAMU

Wanachama, homa ya ini ni ya namna nyingi. Tunayotaka kuieleza hapa ni ile iitwayo B, ambayo huambukiza kwa damu na kwa kuingiliana, na mama mwenye nayo huweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kuzaa.

Mtu mzima akishikwa nayo, macho huweza kuwa manjano na mkojo ukawa mweusi, akalala wiki kadhaa; kisha aghalabu hupona kabisa. Mtoto mchanga akishikwa, hunyonya na kucheka kama kawaida. Lakini huyu ndiye aliye katika hatari. Katika watoto wachanga 100 walioambukizwa, kiasi cha 90 hubaki nayo. Katika watu wazima 100, hawafiki 5. Ikikaa miaka mingi huweza kuleta ini kukakamaa, au saratani.

Sababu ni nini? Virusi vyenyewe haviliharibu ini sana. Wanaoliumiza ni chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili, wanapovipiga vita virusi vilivyojificha humo. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walitangaza majaribio waliyofanya kwa sokwe. Walipowaondoa baadhi ya askari hao kwa muda, ini halikuumwa, lakini virusi navyo havikutoka. Askari waliporudi, ini liliumwa, na virusi vikaondoka. Basi umanjano ule ni alama ya vita. Mtoto mchanga hana vita, kwa kuwa askari wake hawajakomaa; adui huingia akakaa kama mwenyeji.

Njia iliyopo ni kuwafunza askari hao mapema, na mafunzo yenyewe ni chanjo. Samaki mkunje angali mbichi. Shirika la Afya Duniani lashauri sindano ya kwanza itolewe katika saa 24 baada ya kuzaliwa, na nyingine zifuate. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua sana. Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo hii mwaka 2002.

Yatupasa basi mama mja mzito apimwe damu, na mtoto apate sindano zake zote kwa tarehe zake. Na msimu wa kuchuma, tukiwa wengi kambini, kila mtu awe na wembe wake. Kula sahani moja hakuna dhara. Wala tusingoje kuona macho ya manjano kwa mtoto mchanga, maana aghalabu hayaonekani.