Kapibara anapendwa mtandaoni, kwa nini Campinas wanamwogopa?

Kama unapita TikTok, huyu umeshakutana naye: mnyama mnene wa rangi ya kahawia, macho nusu yamefumba, ametulia ndani ya maji kama mzee aliyestaafu. Anaitwa kapibara. Ni wa jamii ya panya, mkubwa kuliko wote duniani, na aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 50.

Campinas, jiji la watu zaidi ya milioni moja katika jimbo la São Paulo nchini Brazil, watu hupiga naye selfie pia. Lakini kwenye bustani za huko kuna mabango yanayoonya: hapa kuna kupe.

Onyo hilo si la bure. Juni 2023, watu wanne walifariki baada ya kufika kwenye shamba moja la burudani pembezoni mwa jiji hilo. Hawakuwa wawindaji wala watafiti wa msituni. Ni watu wa mjini, shamba lenyewe hukodishwa kwa matamasha na sherehe.

Kilichowaua kinaitwa homa ya madoa ya Brazil. Inaletwa na bakteria aina ya Rickettsia rickettsii, na anayeisambaza kwa binadamu katika eneo hilo ni kupe anayejulikana kwa Wabrazili kama kupe nyota. Katika jimbo la São Paulo, zaidi ya nusu ya wagonjwa wanaothibitishwa kuwa nayo hufariki.

Cha kuumiza ni kwamba dawa ipo. Ni doksisaiklini, ya siku nyingi na si ya bei kubwa. Tatizo ni muda. Siku za mwanzo mgonjwa ana homa ya ghafla, kichwa kinauma, misuli inauma. Daktari akimtazama anaona dengi, au mafua tu. Vipele huja siku kadhaa baadaye, wakati mwingine mpaka kwenye viganja na nyayo, na wengine hawavipati kabisa. Ukisubiri majibu ya maabara ndipo uanze dawa, umechelewa.

Kupe peke yake hawezi

Unaweza kudhani kwamba palipo na kupe wengi, ugonjwa upo. Kumbe sivyo. Kuna bustani Brazil zimejaa kupe nyota na hakuna mtu aliyewahi kuugua. Hata kwenye maeneo yenye vifo, ukikusanya kupe mia moja unaweza usipate hata mmoja mwenye bakteria.

Sababu ni kwamba bakteria huyu anamdhuru kupe mwenyewe. Kupe jike aliyeambukizwa huzaa vibaya, na si mayai yake yote yanayorithi maambukizi. Kizazi baada ya kizazi, bakteria angepungua mpaka aishe. Anahitaji mnyama wa kumwongeza nguvu: mnyama mmoja aambukizwe, kisha awagawie kupe wengi wasafi wanaomnyonya damu.

Mnyama huyo ndiye kapibara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, akiwemo Marcelo Labruna aliyefuatilia suala hili kwa miaka mingi, wamewaambukiza kapibara kwa majaribio na kuona mambo mawili. Kwanza, kapibara haugui sana, anaendelea kula majani yake. Pili, bakteria hukaa kwenye damu yake wiki moja hadi mbili tu. Baada ya hapo anapata kinga, na hata akiumwa tena na kupe wenye bakteria, hawagawii wengine.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Kapibara mzee ambaye ameshaambukizwa zamani hana hatari kubwa, anachofanya ni kuwalisha kupe. Wa hatari ni mtoto aliyezaliwa juzi, asiye na kinga, anayeanza kuumwa na kupe kwa mara ya kwanza. Na kapibara ni mzazi hodari: uzao mmoja huwa na watoto wanne hivi, wakati mwingine mpaka wanane. Kila uzao ni kuni mpya kwenye moto.

Jiji lilimtandikia kitanda

Sasa jiulize, mnyama huyu wa mtoni alifikaje katikati ya jiji? Jibu fupi: jiji ndilo lililomwita.

Kapibara anataka vitu vitatu tu. Maji ya kujificha na kupoa, majani ya kula, na kichaka kidogo cha kulala. Tazama ramani ya mji wowote wa kisasa wa jimbo la São Paulo. Kuna ziwa la kuchimbwa kwenye bustani, limezungukwa na nyasi zilizokatwa vizuri. Kuna mto unaopita kati ya mitaa, na kingo zake zina ukanda mwembamba wa miti. Mipaka ya mji ikiisha yanaanza mashamba ya miwa, na miwa nayo ni chakula chake. Mto unakuwa barabara kuu: kapibara huutumia kutoka shambani mpaka bustanini, na kupe wamempanda mgongoni bila nauli.

Wanaomla wametoweka. Chui wa Amerika, jagwa, hakai tena karibu na miji hiyo. Binadamu naye amekatazwa kuwinda wanyamapori kwa sheria ya Brazil ya 1967. Kwa hiyo chakula kipo, adui hayupo, na kundi linakua. Ongeza farasi wanaofugwa pembezoni mwa mji, maana kupe huyu anawapenda farasi vilevile.

Halafu anakuja binadamu na mkeka wake. Anakaa kwenye nyasi zilezile, chini ya mti uleule ambapo kundi lililala usiku. Kupe anavutwa na hewa tunayoitoa tunapopumua. Watafiti humtega kwa barafu kavu, ambayo hutoa hewa hiyohiyo, na kupe hujileta wenyewe.

Si wauawe tu?

Ndilo swali la kwanza la kila mtu, na si swali la kijinga. Imeshafanyika. Katika mji wa Itu, ndani ya mtaa mmoja wenye geti ambako watu waliugua, kapibara waliuawa kwa kibali cha serikali, na kupe wakapungua sana miaka iliyofuata.

Lakini mbinu hiyo inataka mahali unapoweza kupafunga. Bustani ya wazi yenye mto huwezi kuifunga. Ukiondoa kundi, ziwa na nyasi bado vipo, na kundi jingine litahamia, huenda la wanyama ambao hawajawahi kuambukizwa. Umewaondoa wenye kinga, umewakaribisha wasio nayo.

Ndiyo maana Belo Horizonte, jiji jingine kubwa la Brazil, lilichagua njia ndefu. Mwaka 2016 mtoto mmoja alifariki kwa ugonjwa huu baada ya kutembelea bustani kando ya ziwa la Pampulha. Kapibara wa hapo wakafungwa uzazi kwa upasuaji, madume na majike, kisha wakarudishwa ziwani. Wanabaki na eneo lao, wanafukuza wageni, ila hawazai. Kwa maoni yangu ndiyo njia yenye akili zaidi, ingawa inataka pesa na uvumilivu ambao si kila manispaa inao.

Na sisi?

Kapibara hayupo Afrika Mashariki, lakini kupe tunao. Wafugaji wanamjua kwa ndigana kali inayoua ng'ombe. Wapo pia kupe wanaobeba Rickettsia africae, ndugu wa bakteria wa Campinas lakini mpole zaidi, ambaye huwapata hata watalii wanaotoka mbugani. Dawa yake ni ileile doksisaiklini.

Ukiwa unakwenda Brazil, msimu wa kuangalia zaidi ni Juni hadi Novemba, wakati kupe wachanga wamejaa kwenye nyasi. Ni wadogo, rahisi kudhani ni vumbi. Vaa suruali ndefu ya rangi nyepesi, uichomeke kwenye soksi. Jikague mwili mzima kila baada ya saa chache, kwa sababu kupe huhitaji kukaa mwilini saa kadhaa kabla ya kuambukiza. Ukimkuta, mvute taratibu kwa kibanio. Usimponde kwa kucha wala usimchome kwa kiberiti.

Homa ikikushika ndani ya siku 14, usisubiri daktari akuulize. Mwambie ulikaa kwenye nyasi gani.